Kunuka na kunukia

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani mtandao umekata maneno. Unasema umetenga laki moja na huvuki hapo, unataka pafyumu ya kiume yenye harufu ya tumbaku, na umebakiwa na tatu: Amber Oud Tobacco Edition ya Al Haramain, Burberry London ya wanaume, na ile ya kupima, ya kumiminiwa kwenye kichupa, ambayo muuzaji wa Kariakoo anaapa kuwa ni sawasawa na Tobacco Vanille ya Tom Ford. "Baba, wewe umekaa na tumbaku maisha yako yote, nichukue ipi?"

Nitakujibu. Lakini kwanza ujue ulichoniuliza, kwa sababu nilipokuwa mdogo neno tumbaku halikutamkwa pamoja na neno kunukia. Lilitamkwa pamoja na kunuka.

Habari za bani la babu yako, lile banda la kukaushia tumbaku kule Urambo, mmezisikia mpaka mmechoka. Ya shati sikuwahi kuwaambia. Mama yako peke yake ndiye anayeijua.

Ilikuwa mwaka 1976, niko darasa la saba. Babu yako alikuwa kitandani na homa, na bani limejaa. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto, haina Jumapili. Ukishapakia fito zako, moto haulali siku sita au saba. Unaanza na joto la taratibu, nyuzi 35 hadi 40, jani ligeuke njano. Kisha unapandisha kidogo kidogo mpaka jani likauke, na mwisho unafika nyuzi 70 hivi ili ule uti wa katikati nao ukauke. Ukiharakisha mapema, jani linakauka likiwa bado na ukijani. Ukisinzia, linapiga weusi na jasho la msimu mzima limepotea. Basi nikachochea magogo ya miombo usiku kucha. Alfajiri nikaoga maji ya ndoo, nikavaa shati langu, lile lile moja, nikaenda shule.

Jumatatu ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi. Mwalimu wa zamu alipita mstarini akiangalia kucha na kola. Alipofika kwangu hakuangalia chochote. Alisimama, akavuta pumzi, akanishika bega na kunitoa mbele ya wenzangu. "Huyu ananuka. Kaoge urudi." Nikamwambia nimeshaoga. Akasema, basi hilo ndilo baya zaidi. Mstari mzima ukacheka.

Nilishuka mtoni. Nikalifua shati kwa majani ya mpapai, nikalikamua, nikalivaa bichi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo baadaye lilinipa ugali wa kuwalea ninyi: tumbaku ikipata unyevu ndipo inapotoa harufu yake yote. Nilirudi darasani nanuka kuliko nilivyotoka. Nikakaa dawati la nyuma, mikono nimeificha mapajani, maana vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa jani bichi, ule unaoganda kama lami na kukataa sabuni.

Na shule yenyewe ilikuwa na ekari yake ya tumbaku nyuma ya madarasa! Elimu ya Kujitegemea. Tuliipalilia sisi, tukaivuna sisi, tukaifunga kwenye fito sisi. Harufu ya shamba la shule iliitwa kazi, ya bani la baba yangu ikaitwa uchafu. Nimejaribu kumwelewa yule mwalimu. Alikuwa kijana, kapangiwa kazi mbali na kwao, na usafi aliagizwa ausimamie. Pengine namwonea. Kisha nakumbuka alivyovuta pumzi, na kumwelewa kunanishinda.

Juzi, baada ya kupokea ujumbe wako, mdogo wako alikaa na mimi barazani akinisomea habari za pafyumu hizi kwenye simu. Akafika kwenye kampuni ya Caron ya Paris, iliyotoa marashi yaitwayo Tabac Blond mwaka 1919. Nikamwambia arudie mwaka. Akarudia. Miaka 57 kabla sijatolewa mstarini, kulikuwa na watu wanaotoa fedha zao ili wanukie kama nilivyokuwa nafukuzwa kwa kunuka. Nilinyamaza kwa muda, mpaka akadhani nimechoka.

Sasa nikuambie upande mwingine, maana bila huo nitakuwa nimekudanganya. Babu yako alipopata nafuu nilimwambia silali tena banini. Hakunigombeza. Siku ya kufungua bani aliniamsha kungali giza. Jani likitoka kwenye moto huwa kavu, ukiligusa linavunjika, kwa hiyo milango huachwa wazi usiku lipate umande na kulainika. Akashusha jani moja, la njano kama limau lililoiva, akaniwekea kiganjani. "Lifikiche, unuse." Nikafikicha. Mwanangu, palikuwa na asali. Palikuwa na nyasi zilizokatwa zikalala juani, na zabibu kavu, na kitu kama ganda la mkate wa moto. Akasema, "Hii ndiyo tumbaku. Uliyokwenda nayo shule ni moto na jasho." Nimeshika mamilioni ya majani katika kazi ya uteuzi, nikiyapanga madaraja, na sijapata kunusa jani lililolifikia lile.

Kwa hiyo badala ya kuniuliza ipi, ungeniuliza tumbaku gani. Katika bani la mvuke moshi hupita ndani ya mabomba na haugusi jani. Jani hukaushwa na joto tu, na sukari yake inabaki. Tumbaku ya moshi, kama ile ya Songea na Namtumbo, huning'inizwa juu ya moto wenyewe, ikanywa moshi, ikanukia ngozi na kuni. Pafyumu zenu nazo zina mvuke na moshi. Kwa nilivyosomewa, hiyo ya Al Haramain iko upande wa utamu, wa vanila, ni mvuke kabisa. Burberry London, iliyotoka mwaka 2006, ina jani la tumbaku pamoja na mdalasini, ngozi na mvinyo wa port, nami naisogeza upande wa Songea ingawa haifiki huko. Ya kupima siwezi kuisemea, kwa sababu hiyo ni ya mkono wa muuzaji, na chupa ya leo si lazima ifanane na ya mwezi ujao.

Usivunjike moyo ukisikia kwamba ndani ya nyingi za bei nafuu jani lenyewe halimo, au limo tone tu. Dondoo la jani halisi ni ghali. Harufu hujengwa kwa vanila, kwa asali, na kwa kumarini, ile iliyomo kwenye mbegu za tonka, ambayo Mwingereza William Perkin aliitengeneza maabara mwaka 1868. Kumarini ndiyo hiyo hiyo harufu ya nyasi zilizokauka. Kuna siku ningeiita udanganyifu. Lakini kama inamrudishia mtu asubuhi ile ya bani kufunguliwa, mimi ni nani niikatae?

Unajua nisemalo siku zote: manukato hununuliwa jioni. Asubuhi unanusa spiriti, adhuhuri unanusa alichokusudia mtengenezaji, jioni unanusa kilichobaki kwako, na hicho ndicho utakachoishi nacho. Vile vikaratasi vya dukani viache, karatasi haina jasho. Nenda Jumamosi asubuhi. Weka moja kifundo cha mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, ya tatu kwenye kiwiko kwa ndani. Usisugue. Tembea juani, panda daladala, kula chakula chako. Dar ina unyevu, na nimeshakueleza unyevu unafanya nini kwa tumbaku. Utamu unaovutia ndani ya duka lenye kiyoyozi utapiga kelele ndani ya gari lililojaa. Kwa hiyo ukishainunua, puliza mara moja, kifuani, basi. Ya chupa iwe eau de parfum ikiwezekana, maana eau de toilette huwa nyepesi na joto la huko litaimaliza mapema. Ya kupima kama ni mafuta matupu hukaa zaidi, hilo nampa muuzaji wako. Na kabla hujatoa fedha, linganisha namba iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha.

Mimi ninayo ya kwangu kati ya hizo tatu. Nilikuwa nimeshaliandika jina lake hapa, mama yako akanifanya niandike ukurasa upya. Anasema nikiitaja utainunua ili kunifurahisha, kisha utanukia baba yako badala ya kunukia mwenyewe. Nimebishana naye tangu chakula cha mchana. Nilimwambia mtoto ameuliza, na aliyeuliza hujibiwa. Akanijibu kwamba babu yako alinipa jani, hakunipa jibu. Basi nimeacha, ingawa kalamu inaniwasha, na manukato hununuliwa jioni.

Jumamosi ikifika saa moja usiku, nusa mikono yote miwili na kiwiko, kisha nipigie uniambie ni wapi. Nipigie kabla hujanawa.

Baba yako