Miaka 10 si mapema

Dada, unauliza kama kumwambia mtoto wa miaka 10 habari za unga, yaani dawa za kulevya, ni kumfumbua macho. Yalishafumbuka zamani, mateja anawaona kituoni kila siku akisubiri daladala. Anzia hapo: muulize anadhani kwa nini yule kaka anasinzia huku amesimama. Kisha nyamaza, umsikilize. Usimtishe kwamba ukionja bangi unakufa, maana siku akimwona mwenzake kaonja na yuko hai, hatakuamini tena hata kwa heroini. Na baba yake awepo (siyo kila kitu mama!). Huyo mdogo wako uliyemtaja, anayetumia unga, mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini. Pale Hospitali ya Muhimbili, Dar, kliniki hiyo ipo tangu 2011, na dawa ni bure. Au piga 119, namba ya mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, haikati salio.