Kabla hujasema seli zimekufa: kwa wanaoanza kuchunguza UVIKO-19 mkali

Wengi wanaoanza huuliza kwanza mgonjwa ana virusi kiasi gani. Swali zuri, ila halikufikishi mbali. Mara nyingi mgonjwa huzidiwa katika wiki ya pili, wakati virusi vinapungua na kinga yake ndiyo inayozidi kuwaka. Uliza hivi: ni seli ipi inayokufa, inakufa kwa njia gani, na ikifa inamwaga nini?

Tazama njia tatu. Katika apoptosisi seli husinyaa na kugawanyika vipande vilivyofungwa vizuri, makrofaji, seli za kinga zenye kazi ya kumeza, zikavimeza kimyakimya. Piroptosisi haina staha hiyo. Inflamasomu, mkusanyiko wa protini unaohisi hatari ndani ya seli, kwa mfano ya NLRP3, huamsha kimeng'enya kaspesi-1. Kaspesi-1 huikata protini gasdamini D, na kipande kinachobaki huru hutoboa utando wa seli. IL-1β, ishara ya kuwasha uvimbe, hupita kwenye matundu hayo na kuziita seli nyingine za kinga. Nekroptosisi nayo hupasua seli, ila kwa mkono wa protini RIPK3 na MLKL. Usizichukue njia hizi kama vyumba vyenye kuta: utafiti wa hospitali ya St. Jude, Memphis, Marekani, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba saitokini (ishara za kinga) TNF na interferoni gama zikiungana huziwasha zote tatu katika makrofaji.

Monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, ndizo huwapoteza wageni. Hazina ACE2 ya kuonekana, yaani kipokezi ambacho virusi hukitumia kuingia, kwa hiyo anayefuata ACE2 peke yake huziruka. Kumbe virusi vilivyovikwa kingamwili huingia humo kupitia vipokezi vya Fc, vinavyoshika mkia wa kingamwili. Utafiti uliotoka 2022 ulikuta takriban asilimia 6 ya monosaiti za wagonjwa zimeambukizwa. Hazikuzaa virusi vipya. Zilikufa kwa piroptosisi na kuacha moto nyuma.

Sasa kazi ya mezani, ambako makosa ni mengi. Kipimo cha LDH, kimeng'enya kinachovuja seli inapoharibika, ni rahisi, ndiyo maana huaminiwa kupita kiasi. LDH ina takriban kilodaltoni 140 na haipenyi tundu la gasdamini. Hutoka utando unapopasuka kabisa, kazi inayohitaji protini ya NINJ1. IL-1β iliyokomaa ina kilodaltoni 17, hivyo hupenya mapema. Ukiona IL-1β nyingi na LDH kidogo usitupe jaribio: huenda seli zimetobolewa lakini bado hazijapasuka. Serumu ya ndama nayo ina LDH yake, kwa hiyo weka visima vyenye chakula cha seli bila seli. Hesabu ni sampuli kutoa kiwango cha seli zisizoguswa, ugawe kwa kiwango cha juu kabisa kutoa hicho hicho cha seli zisizoguswa, kisha uzidishe kwa 100. Kiwango cha juu kabisa hukipata kwa kuyeyusha seli zote kwa sabuni ya Triton.

Aneksini V, protini yenye rangi inayoshika mafuta ya utando yanayojitokeza nje seli inapokufa, inahitaji kalsiamu ili ishike. Mabaki ya EDTA, inayonyakua kalsiamu, kwenye bafa huua kipimo chote. Na hata ikishika, seli iliyotoboka huiruhusu iingie ndani, kwa hiyo aneksini na rangi ya seli zilizotoboka peke yake hazikwambii kama ni piroptosisi au apoptosisi iliyochelewa. Ongeza western bloti, inayotenganisha protini kwa ukubwa. Gasdamini D nzima iko karibu na kilodaltoni 53, na kipande kinachotoboa karibu na 31. Mstari wa 43 huwadanganya wengi: huo ni mkato wa kaspesi-3, unaoinyima protini uwezo wa kutoboa. Kaspesi-3 hiyo hiyo ikikuta gasdamini E huikata na kufungua matundu, na apoptosisi ikageuka kuwa mpasuko. Kila mara weka kisima cha uthibitisho: LPS (sumu ya ukuta wa bakteria) kwa saa 4 hivi, kisha nigerisini (huamsha NLRP3) mikromola 10 kwa saa 1, na kingine chenye MCC950 (huizuia NLRP3) iliyotangulia nigerisini.

Kwa damu ya mgonjwa, chembe nyekundu zikipasuka LDH hupanda bila uhusiano wowote na mapafu. Plazima ikiwa na wekundu, omba damu nyingine.

Neno «tufani ya saitokini», yaani ishara za kinga kufurika mwilini, litumie kwa uangalifu. Saitokini IL-6 ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 kwa kawaida huwa chini ya ile ya sepsisi, mwili unapolemewa na maambukizi. Jina kubwa halielezi chanzo. Kinachoeleza zaidi ni wakati. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, steroidi deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, ilishusha vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia: waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8 dhidi ya 14.0 ya wasiopewa, tofauti ambayo huenda ni ya bahati lakini haimpi mtu ruhusa ya kuianza mapema. Siku za mwanzo interferoni bado zinapigana na virusi, na kuzizima ni kumsaidia adui.

Tena, Afrika Mashariki usisahau mnyoo wa strongiloidi. Hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na steroidi zinaweza kuufanya uzaane ovyo hadi kuua. Ivermektini hapo ni ya mnyoo, si ya korona.