Drupal 7 imekwisha muda lakini tovuti bado inafunguka: nianzie wapi?

Swali: Nasimamia tovuti ya taasisi ndogo iliyojengwa kwa Drupal 7, toleo la zamani la programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, tangu 2013. Ina kurasa kama 3,000 pamoja na fomu za maombi. Najua msaada ulikoma Januari 5, 2025, ila tovuti inafunguka vizuri na wakubwa wangu wanasema tusiguse kinachofanya kazi. Kuna haraka kweli? Na nikianza, nianzie wapi?

Jibu: Haraka ipo, ndugu yangu, na wakubwa wako wanastahili kuelezwa sababu yake. Siku ile ya Januari hakuna kilichozimika ndani ya tovuti yenu. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ambayo wavamizi hupitia, na pengo lake halionekani mpaka tundu jipya lipatikane. Wasimulie ya Oktoba 15, 2014. Siku hiyo tundu kubwa la Drupal 7 lilitangazwa pamoja na kiraka chake, na mashambulizi yakaanza saa chache tu baadaye. Wiki mbili zilipopita, timu ya usalama ya Drupal ikaonya kwamba tovuti yoyote ambayo haikuwekewa kiraka ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Na hapo kiraka kilikuwepo. Wala msidhani programu kuukuu inasahauliwa: tundu la Machi 2018 liliigusa hata Drupal 6, ambayo muda wake ulikwisha Februari 2016.

Kuhusu pa kuanzia, wengi huanza kwa kubishana juu ya programu mpya. Mimi nakuomba uanze na daftari. Fungua ukurasa wa moduli (vipande vya programu vinavyoongezwa kwenye Drupal ili kuipa uwezo zaidi), shika moja moja, na uandike: nani anaitumia, je, imeshaingizwa kwenye msingi wa matoleo mapya, yaani Drupal yenyewe kabla ya nyongeza (kama Views, moduli ya kutengeneza orodha, ilivyoingizwa katika toleo la 8), ina mrithi, au mliiandika wenyewe? Hizo mlizoandika wenyewe ndizo zitakazokula muda. Niliwahi kuhamisha tovuti yenye moduli zaidi ya mia. Tulipozizima moja baada ya nyingine kwenye nakala ya majaribio, barua za kuthibitisha maombi zikaanza kutoka bila namba ya kumbukumbu. Kumbe namba hiyo ilikuwa ikitengenezwa na kijimoduli cha mistari sitini hivi, kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Hakuna aliyejua kipo. Tungekigundua baada ya kuhama, waombaji wangeumia.

Ujue pia kwamba kutoka 7 kwenda matoleo ya sasa ni kuhama nyumba. Toleo la 8 lilijengwa upya juu ya Symfony, mfumo wa msimbo wa PHP, na mandhari zake zinaandikwa kwa Twig, lugha ya violezo vya kurasa, kwa hiyo sura ya sasa ya tovuti yenu haitakuja, itatengenezwa upya. Mnasimamisha tovuti mpya pembeni, kisha moduli za Migrate zinavuta makala, picha na watumiaji kutoka kwenye hifadhidata ya zamani. Majibu ya fomu ni suala jingine. Kama mnatumia Webform, moduli ya kutengeneza fomu, Migrate ya msingi haiyagusi, na mnahitaji njia ya pekee ya kuyavusha. Fanyeni zoezi zima la kuhama angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe. Kila mara chukua anwani za zamani zinazotembelewa sana, zifungue kwenye tovuti mpya, na uhakikishe kila moja inafika panapotakiwa. Viungo vilivyokatika huwaumiza wasomaji kuliko sura mbaya.

Si lazima kila tovuti ihamie Drupal mpya. Kama kurasa nyingi ni kumbukumbu zisizobadilika, zigeuzeni kuwa kurasa tuli za HTML, yaani faili zisizohitaji Drupal ili zifunguke, na mbakize fomu tu kwenye mfumo hai. Naipenda sana njia hii, na naona haitumiki inavyostahili. Kama mna moduli nyingi za nyumbani na fedha kidogo, itazameni Backdrop, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, iliyochipuka kutoka Drupal 7 na yenye njia ya kupanda moja kwa moja kutoka huko. Yapo pia makampuni yanayouza viraka vya Drupal 7 baada ya muda wake. Viraka hivyo vitumieni kununua muda wa kuhama, msivifanye makazi.

Wakati mkijiandaa, hakikisha mko kwenye 7.103, toleo la mwisho. Ondoeni moduli zisizotumika, na kwanza kabisa PHP filter, inayoruhusu msimbo kuandikwa ndani ya makala. Fungeni usajili wa watumiaji wapya kama hauhitajiki. Chukueni nakala rudufu, kisha mjaribu kuirejesha kwenye seva nyingine, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa bado hamjui kama inafaa.

Mkiamua kubaki na Drupal, msisimame kwenye toleo la 10, kwani nalo limepangiwa kukoma Desemba 2026. Nendeni 11 moja kwa moja. Inahitaji PHP 8.3, toleo la lugha ya programu inayoendesha Drupal kwenye seva, basi muulizeni mwenye seva leo kama anayo.