Uoni hafifu, mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM)

Mdogo wangu, hongera kwa kupata nafasi. Umesema husomi ubao wala karatasi ya mtihani yenye herufi ndogo, na unaogopa ukijitaja utaonekana mzigo. Nami nina uoni hafifu, hofu hiyo naijua. Lakini mhadhiri mwenye ukumbi uliojaa hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Wiki ya kwanza kabisa, jisajili kwenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Beba ripoti ya daktari wa macho inayoeleza unaona nini na nini huoni, isiwe jina la ugonjwa tu. Kisha omba kwa maandishi:
- mtihani wa herufi kubwa na muda wa ziada
- slaidi kabla ya kipindi
- chumba cha bweni karibu na madarasa

Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ombi la muda wa ziada hasa usilicheleweshe, maana vyumba na wasimamizi hupangwa mapema. Ukienda wiki ya mtihani utaambiwa umechelewa.

Kwa mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Anza kufuatilia sasa.

NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, izoee ukiwa bado nyumbani.

Wakikukatalia, mwone Mshauri wa Wanafunzi ukiwa na nakala zako, na utaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Uoni ukishuka ghafla, acha vyote, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.