Aliyebambikiwa mtoto aanzie ustawi wa jamii

Swali la wiki liliuliza: mwanaume anayehisi kabambikiwa mtoto aanzie wapi, na haya makundi ya wanaume mitandaoni yana msaada gani kwake? Najibu kwa upande wa Tanzania.

Kabla ya kutaja DNA, atazame kadi ya kliniki. Wengi huhesabu miezi tisa kurudi nyuma kutoka siku mtoto alipozaliwa, wakikuta walikuwa safarini wanaona kesi imekwisha. Kliniki huhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tangu mimba kutungwa ni kama 266. Mtoto akizaliwa wiki ya 36, hesabu ya baba inapinda kwa mwezi mzima. Ultrasaundi iliyopigwa kabla ya wiki 14 hukosea kwa wiki moja hivi, lakini ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu. Kwa hiyo admini (msimamizi) wa kundi anayejua kazi yake humuuliza mgeni kwanza: ultrasaundi ilipigwa mimba ikiwa na wiki ngapi? Habari za kufanana pua na masikio tuwaachie mashangazi.

Baada ya hapo ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Huwezi kumbeba mtoto ukaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ukasema nipimieni. Chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, ombi hupitia mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama, afisa ustawi wa jamii au wakili. Njia ya ustawi ndiyo nafuu, na afisa humwita mama pia, jambo ambalo wanaume wengi hulikwepa bila sababu. Sampuli ya mama huifanya hesabu ya maabara kuwa na nguvu zaidi.

Sampuli yenyewe ni pamba inayosuguliwa ndani ya shavu. Mtoto anayenyonya asichukuliwe sampuli akitoka tu kunyonya, kwa kuwa chembe za mama hubaki mdomoni. Pamba ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa nailoni unyevu hubaki, kuvu huota na vinasaba huharibika. Wale wanaotuma kwa siri mswaki au nywele nje ya nchi wanapoteza fedha: hakuna anayeweza kuthibitisha sampuli ilikuwa ya nani, na nywele iliyokatwa kwa mkasi haina mzizi, ambako ndiko vinasaba vya kipimo hiki hupatikana.

Maabara hulinganisha sehemu ishirini hivi za vinasaba. Kila sehemu mtoto ana nusu ya mama na nusu ya baba. Sehemu moja ikikataa kulingana, huenda ni badiliko la asili tu, ndiyo maana mtaalamu husubiri zikatae kadhaa ndipo aseme mwanaume huyo si baba. Kama anayeshukiwa ni ndugu yako wa damu, liseme mapema, maana ndugu hushiriki vinasaba vingi na idadi ya sehemu inabidi iongezwe. Pacha wa kufanana kipimo hiki hakimtofautishi kabisa.

Sasa makundi. Ushauri mbaya kuliko wote unaozunguka humo ni "usiende kupima, watakosa ushahidi." Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja kukataa kipimo miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyatazama katika kuamua nani ni mzazi, pamoja na jina lililo kwenye daftari la vizazi, mila aliyoifanya baba kwa mtoto, na kukiri hadharani. Anayekwepa anajifunga mwenyewe. Mwenye shaka asikubali jina lake liandikwe kabla ya kipimo, ila akiitwa kupima aende.

La pili ni zile asilimia za kutisha za wanaume wasio baba zinazozunguka humo. Takwimu za Mkemia Mkuu zinatokana na watu ambao tayari wana mgogoro, hazisemi lolote kuhusu nyumba ya jirani yako. Mtafiti Kermyt Anderson alijumlisha tafiti nyingi mwaka 2006: kwa wanaume waliokuwa na uhakika, wasio baba walikuwa kama asilimia 2, kwa wenye shaka, karibu asilimia 30. Hata kwenye shaka, wengi walikuwa baba kweli.

Kundi liwe la faragha, mwanachama aingie kwa kuulizwa maswali, na pawe na admini watatu au wanne wenye kupokezana. Jina la mwanamke, picha ya mtoto na karatasi ya majibu visipandishwe. Atakayepandisha atolewe siku hiyo hiyo. Picha za skrini huvuja, na aliyekuja kulalamika kusingiziwa hujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Michango ya fedha ipigwe marufuku, kwani mawakili feki na wauza vipimo hunusa kundi la wanaume wenye hasira upesi sana. Lugha ya kutukana wanawake nayo ikiachwa wiki mbili, wenye kesi za kweli wanaondoka kimya kimya na wanabaki wapiga soga.

Majibu yakionyesha mwanachama si baba, cheti cha kuzaliwa hakijibadilishi. Apeleke majibu mahakamani kwa utaratibu, na asimtangazie mtoto aliyemlea. Yakionyesha ni wake, kundi limsaidie kuandika makubaliano ya matunzo mbele ya afisa ustawi: kiasi, tarehe, malipo ya simu yenye kumbukumbu, ada ya shule, na siku za kumwona mtoto.