Adui aanze na hofu yake, pembe baadaye

Mhariri, swali la wiki hii limeuliza: mwandishi wa hadithi za kifantasia afanyeje ili adui wa stelingi aaminike, asiwe kinyago cha kutishia watoto? Jibu langu ni kwamba aanze na kitu ambacho adui anaogopa kukipoteza, kisha apange bei ya nguvu zake. Pembe, moshi na kicheko vingoje. Mara nyingi vikingojeshwa hukuti tena pa kuviweka.

Pwani tuna kielelezo cha kale, kisa cha Fumo Liongo. Mtawala wa Pate anamhofia Liongo kwa sababu inayoeleweka: shujaa mwenye nguvu kiasi kile, tena anayependwa na watu, anaweza kukitaka kiti. Anamfunga, Liongo anatoroka. Silaha hazimuui. Ndipo mtawala anapomgeukia mtoto wa Liongo mwenyewe na kumwahidi binti yake awe mkewe, ili kijana amdadisi baba siri ya kifo chake. Siri ni kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, na kijana anamchoma. Tazama ufundi uliomo. Adui huyu ni dhaifu kuliko stelingi na anajijua, basi anaacha kupimana nguvu na kutumia tamaa ya mtu wa tatu. Hata ushindi wake una gharama, maana Liongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu, wakidhani yu hai, wanaogopa kusogea kuteka maji. Mji umemshinda mtu wao na sasa una kiu. Waandishi wengi wa leo wanaruka sehemu hiyo ya mwisho: adui wao anashinda bure.

Sasa tujenge wa kwetu. Tuseme kuna Jumbe Kombo, mtawala wa kisiwa cha kubuni ambacho bahari inataka kukimeza. Amefunga ahadi na jini wa mwambani: jini atazuia maji, na kila mwaka kila nyumba itatoa jina la marehemu wake mmoja. Jina likishatolewa, hakuna anayemkumbuka tena mtu huyo. Stelingi ni binti anayekataa kulitoa jina la bibi yake. Kombo ana mji mzima wa kuulinda, binti ana kaburi moja. Msomaji akisitasita kuchagua upande, kazi imeanza vizuri.

Kabla ya sura ya kwanza, andika ukurasa mmoja kwa nafsi ya kwanza, Kombo akijitetea mbele ya wazee wa mji. Asitaje uovu, asijisifu kwa ukatili. Aeleze mwaka ule maji yalipoingia misikitini na nani walikufa. Ukurasa huu hautaingia kwenye hadithi. Kazi yake ni kukupa hoja tatu au nne ambazo atazitumia baadaye. Ukiusoma na usikubaliane naye hata kwa sentensi moja, bado hujampata, andika upya.

Kisha nguvu. Chora safu tatu: anachoweza, asichoweza, kinachomgharimu. Safu ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza. Kombo anaweza kumwita jini, lakini wakati wa maji kupwa tu, na akiwa amesimama juu ya mwamba. Kila akimwita, yeye mwenyewe anasahau kitu. Hata mwanawe wa kwanza, Kombo amekwisha kumsahau. Kwa hiyo ana karani wa kumwandikia nani ni ndugu, nani anamdai, nani alikula njama juzi. Ona bei hiyo ilivyozaa mhusika mwingine, tena hatari: karani anaweza kuandika uongo. Bila safu ya tatu, nguvu za adui huongezeka kila mwandishi anapokwama, na msomaji hugundua upesi kuliko tunavyodhani.

Wafuasi ndio wanaosahaulika zaidi. Jeshi la askari elfu kumi likila nusu kilo ya nafaka kwa kila mtu ni tani tano kwa siku. Zinatoka wapi? Nani anapakia majahazi, nani anasaga, nani analipa? Ukijibu hayo, adui anapata maghala, ushuru na wadeni, na stelingi anapata mahali pa kupiga pasipohitaji upanga wa miujiza. Wape majina wafuasi wawili au watatu tu, kila mmoja na sababu yake ya kutii: mmoja kwa mshahara, mmoja kwa woga, mmoja kwa sababu anaamini kwa dhati. Huyu wa mwisho ndiye anayetisha kuliko bwana wake.

Kuhusu sura na umbo nina neno kali kidogo. Acheni bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ulemavu, kovu na ualbino navyo havimwelezi mtu kuwa mbaya. Ukitaka alama ya kumtambulisha adui, ichukue kwenye tabia: Kombo hurudia majina ya watu anaozungumza nao, kwa heshima, mara mbili mbili. Mwanzoni tunaona ni adabu. Baadaye tunajua anaogopa kuwasahau.

Utoto wa mateso nao umechoka. Mateso yanaweza kueleza hasira, lakini hayaelezi uamuzi. Weka tukio moja ambapo njia mbili zilikuwa wazi na adui akachagua mbaya kwa macho makavu. Lisizidi kurasa mbili, na lisije kabla ya nusu ya kitabu. Likiwahi, msomaji anamhurumia kabla hajamwogopa.

Katika mazungumzo mfanye mstaarabu. Amwite binti "mwanangu", ampe kiti, amwagizie kahawa. Mpe methali ambazo kila mzee angeitikia: "Heri nusu ya shari kuliko shari kamili." Methali njema mdomoni mwa mtu anayemtaka bibi yako asahaulike inatia baridi kuliko matusi. Hotuba ndefu ya kufichua mpango mzima mbele ya mateka ifutwe. Mtu aliyetawala miaka ishirini hawezi kuwa mpumbavu jioni moja kwa sababu tu mwandishi anataka kumaliza.

Kwa riwaya ya maneno 60,000, mkono wa adui uonekane ndani ya maneno 5,000 ya kwanza, hata kama mwenyewe hajatokea, naye atokee kabla ya 15,000. Ashinde walau mara mbili, na ushindi mmoja usirekebishike: aliyekufa asifufuke, jina lililotolewa lisirudi. Anguko lake litoke kwenye safu ya pili au ya tatu ya jedwali lile. Kombo asiangushwe na radi. Aangushwe na daftari la karani, au na maji kujaa akiwa bado mwambani, hakumbuki njia ya kurudi.

Hadithi fupi ya maneno 3,000 haibebi yote haya. Acha jeshi, acha utoto, bakiza mfuasi mmoja. Vitu viwili usivikate: anachoogopa kukipoteza, na tukio moja ambalo nguvu zake zinamgharimu mbele ya macho yetu.