Hofu haiishi siku aliyeteswa anapohama

Dada, umeuliza kwa nini mdogo wako bado anashtuka mlango ukibamizwa, ilhali ameachana na yule bwana aliyemtesa mwaka mzima sasa. Hajidekezi. Mwili uliozoea kusikiliza hatua za mtu mlangoni, ukipima leo amerudi na hasira au la, hauachi kazi hiyo kwa sababu tu mdogo wako amehama. Ndiyo maana halali vizuri, moyo unamwenda mbio, na anaomba radhi hata kwa kikombe alichovunja mtoto. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba wanawake waliopigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao wana uwezekano karibu mara mbili ya wanawake wengine wa kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Na matusi ya kila siku nayo huumiza hata pasipo kofi, watu husahau hili.

Tafadhali usimuulize "mbona ulikaa muda wote huo?" Swali hilo linamrudisha kulekule. Mwambie unamwamini, kisha umsindikize kwa mshauri nasaha au daktari. Akitaja kutaka kufa, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.